Poda ya faiba: uliza kwanza ni mlenda, pumba, togwa au sanamaki

Siku hizi haipiti wiki bila mtu kurusha kwenye grupu picha ya kopo la poda ya faiba, na maelezo chini yake yanafanana utadhani yameandikwa na mtu mmoja: inasafisha utumbo, inatoa uchafu wa miaka na miaka, inakata kitambi, inamaliza bawasiri, haina kemikali. Afu yanaanza majibu. Mmoja anasema alitumia akaharisha siku mbili. Mwingine anasema yeye ndo kwanza choo kikagoma kabisa. Wa tatu tumbo lilijaa gesi mpaka akaona aibu kukaa kwenye daladala, wa nne anamshukuru Mungu kwamba kwa mara ya kwanza tangu ajifungue anaenda chooni bila kulia. Watu wanabishana kutwa nzima nani muongo. Nimefuatilia mabishano ya namna hii mara nyingi sana na naamini wote wanne wanasema kweli, ila hawakunywa kitu kimoja. Jina kwenye kopo ni moja, vilivyomo ndani ni vitu vinne hata vitano tofauti, na vingine havina hata faiba ya maana.

Kwa hiyo ukiniuliza "faiba ni salama?" siwezi kukujibu mpaka uniambie ni ipi.

Tuanze na maana. Faiba ndo hizo nyuzinyuzi, wataalamu wetu wa lishe wengine wanaziita makapi-mlo, nazo ni sehemu ya mmea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuivunja. Ukila ugali na maharage, wanga unavunjwa unakuwa sukari unaingia kwenye damu, protini nayo inavunjwa inaingia, lakini nyuzinyuzi zinapita utumbo mwembamba wote bila kuguswa mpaka zifike utumbo mpana. Kwenye nyama hamna, kwenye samaki, maziwa na mayai hamna, ni kwenye mimea tu. Na saplimenti ya faiba ni nyuzinyuzi hizo hizo zimetolewa kwenye mmea mmoja, zikakaushwa, zikasagwa, zikawekwa kwenye kopo au kapsuli. Mpaka hapo hakuna ajabu. Ajabu inaanza zikishaingia tumboni, maana kila aina ina tabia yake.

Aina ya kwanza naiita mlenda, na mtu wa Singida au Dodoma ashanielewa tayari. Ule utelezi unaovutika kutoka bakuli mpaka mdomoni, hata wa bamia, kwa sehemu kubwa ni nyuzinyuzi zinazoshika maji na kuwa kama jeli. Saplimenti ya familia hii inayojulikana kuliko zote ni isabgol, maganda ya mbegu za mmea unaoitwa Plantago ovata ambao unalimwa sana India, hasa Gujarat na Rajasthan, na kwenye maduka ya Wahindi hapa pwani ni kitu cha siku nyingi. Famasi utaikuta imeandikwa psyllium au ispaghula, ni ileile. Fybogel ni hiyo, Metamucil ya poda ni hiyo.

Ukitaka kuielewa usisome popote, chukua glasi ya maji weka kijiko kimoja cha isabgol koroga afu iache dakika kumi. Utakuta imekuwa uji mzito, ukiinamisha glasi unashuka taratibu kama kamasi. Sasa ndo hicho kinachotokea tumboni, na hapo utaelewa faida yake na hatari yake kwa mara moja, maana zote mbili zinatoka kwenye kule kuvimba.

Faida ni hii: bakteria wa utumboni wanashindwa kuila sana hiyo jeli, kwa hiyo inafika mwisho wa safari ikiwa bado imebeba maji. Choo kilichokauka kama mawe kinapata unyevu kinalainika. Na cha kushangaza, mwenye choo cha majimaji naye inamsaidia, maana inayanyonya yale maji kinakuwa kizito kidogo. Watu wengi hawaamini kwamba kitu kimoja kinasaidia pande zote mbili ila ndivyo ilivyo. Haifanyi kazi leo jioni lakini, inachukua saa 12 mpaka siku tatu, kwa hiyo anayekunywa asubuhi akaona kimya afu mchana anaongeza vijiko vitatu anajitafutia matatizo.

Jeli hiyo hiyo inakamata nyongo njiani inatoka nayo, ini likikosa nyongo inabidi litengeneze nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli ambayo linaichota kwenye damu. Ndo maana mwaka 1998 FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, iliruhusu bidhaa za psyllium ziandike kwenye lebo kwamba gramu 7 kwa siku za nyuzinyuzi zake zinazoyeyuka, pamoja na mlo usio na mafuta mabaya mengi, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Kolesteroli mbaya inashuka kama asilimia 5 mpaka 10. Sio haba, ila daktari akikuandikia dawa ya kolesteroli usiiache kwa sababu ya kijiko cha isabgol, nguvu zake hazilingani.

Aina ya pili ni pumba. Hizi haziyeyuki, haziwi jeli, ziko kama dodoki. Pumba za ngano ndo zinauzwa zaidi. Zinavyofanya kazi ni kwamba zile chembe kubwa zinakwangua kidogo ukuta wa utumbo, utumbo unajibu kwa kutoa maji na ute, mzigo unasogea. Sasa angalia hapo, zikisagwa laini sana kama unga wa ngano hamna cha kukwangua tena, na pumba laini mno zinaweza hata kukifanya choo kiwe kigumu zaidi, kwa sababu zimeongeza vitu vikavu kwenye mzigo bila kuongeza maji. Yule wa pili kwenye grupu aliyesema choo kiligoma, mimi hapo ndo ningeanza kuchunguza. Na kuna watu wenye tumbo linalokoroga na kuuma mara kwa mara lakini vipimo vyote vinatoka safi, hao pumba mara nyingi zinawazidishia maumivu. Chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani (ACG) mwaka 2021 kilipendekeza watu wa namna hiyo wapewe faiba inayoyeyuka, sio ile isiyoyeyuka. Yaani mlenda ndio, pumba hapana.

Aina ya tatu ni togwa. Namaanisha faiba ambayo kazi yake kubwa ni kuliwa na bakteria, ikichacha humo ndani kama togwa inavyochacha kwenye kibuyu. Maarufu ni inulini, inatolewa sana kwenye mizizi ya mmea wa chikori, na ipo pia kiasili kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Ukiona kwenye kopo wameandika prebiotiki, au zile pipi za kutafuna za faiba, mara nyingi ni hii. Bakteria wakiila wanatoa tindikali ndogondogo, mojawapo inaitwa butireti, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na hilo ni jambo jema kabisa. Ila wanatoa na gesi. Mtu ambaye tumbo lake limezoea wali mweupe na chipsi, leo ameingiza gramu 10 za inulini kwa mpigo, lazima limpige ngoma. Hiyo gesi sio sumu inatoka wala sio mwili unajisafisha, ni uchachu tu, na dawa yake ni kupunguza dozi uanze na kidogo sana upande taratibu ndani ya wiki kadhaa. Na kwa choo kigumu msaada wake ni mdogo ukilinganisha na isabgol, kwa kuwa sehemu kubwa inaliwa kabla haijafika mwisho.

Halafu kuna sanamaki. Bibi zetu wa pwani wanaijua vizuri, majani yanachemshwa jioni, asubuhi mtu anakimbia. Sanamaki sio faiba. Ni dawa ya kuharisha, inachapa misuli ya utumbo isukume kwa nguvu, na inafanya kazi ndani ya saa 6 mpaka 12. Tatizo ni kwamba imeingizwa kwenye "chai za detoksi" na poda nyingi zinazouzwa kwa jina la faiba, kwenye lebo inaandikwa senna au Cassia angustifolia kwa herufi ndogo kabisa katikati ya majina ya matunda. Kwa hiyo ukinywa "faiba" usiku ukaamka saa kumi alfajiri na msokoto wa tumbo unakimbilia chooni mara nne, ujue ulichokunywa kina sanamaki au mwenzake. Kwa siku chache, kwa ushauri, ni dawa halali hospitali wanaitumia. Ila kunywa kila siku kwa miezi kunamaliza maji na potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga ovyo, hasa kwa mgonjwa wa presha anayetumia vidonge vya kukojoza au mgonjwa wa moyo anayetumia digoxin. Hao ndo wazee wetu haswa, na ndo wanaouziwa.

Cha tano ni kibaya zaidi. FDA kwa miaka mingi imekuwa ikipima bidhaa za kupunguza uzito zinazoitwa za asili na kukuta ndani wameweka kwa siri dawa inayoitwa sibutramini, ambayo Marekani na Ulaya iliondolewa sokoni mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Faiba ya kweli inashibisha kidogo tu. Kama poda yako imekuondolea hamu ya kula kabisa, mdomo unakauka, moyo unaenda mbio na usingizi umekimbia, acha leo hiyohiyo nenda na kopo lenyewe hospitali wakalione.

Sasa tuje kwenye ule uchafu. Hakuna uongo unaoniumiza kama huu, maana umejengwa juu ya woga wa watu. Unaambiwa una kilo kadhaa za uchafu ulioganda kwenye kuta za utumbo tangu utoto, afu unaoneshwa picha ya kitu kirefu cheusi kama kamba ya mpira kimetoka kwa mteja. Madaktari wanaoingiza kamera kwenye utumbo mpana wanaona kuta za utumbo kila siku, mgonjwa akishanywa dawa ya kuandaa tumbo ukuta unaonekana wa waridi, unang'aa, hamna gamba la miaka. Ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache tu, gamba litashikilia wapi? Ile kamba ya mpira ni poda yenyewe. Nyingi za hizo "programu za kusafisha" zinachanganya isabgol na udongo wa bentonaiti, vikikutana na maji ndani vinashikana vinachukua umbo la utumbo vinatoka hivyo. Umelipa hela ukanywa uchafu, afu ukaoneshwa uchafu huohuo kama ushahidi.

Nimesema hatari inatoka kwenye kuvimba, na hapa naomba usome polepole. Kuna watu wanalamba isabgol kavu kama wanavyolamba glukosi, afu wanasukumia na funda moja la maji. Ile poda inaanza kuvimba kooni. Hii sio nadharia. Mwaka 1985 Australia ilipiga marufuku vidonge vya glukomanani, faiba ya mzizi wa konjaki, baada ya watu saba kuzibwa koo. Mwaka 1990 Marekani vilitolewa sokoni vidonge vya kupunguza uzito vilivyoitwa Cal-Ban 3000, vilikuwa na guar gum, faiba ya familia hiihii ya mlenda inayotoka kwenye mmea wa jamii ya kunde, vikameza maji vikavimba njiani watu wakazibwa koo na wengine utumbo. Ndo maana makopo ya psyllium Marekani yanaandikwa onyo kwamba ukinywa bila maji ya kutosha inaweza kuvimba na kuziba koo, na kama una shida ya kumeza usitumie kabisa.

Kwa hiyo: kijiko kwenye glasi kubwa ya maji, robo lita, koroga, kunywa palepale kabla haijawa uji, afu shushia na glasi nyingine. Ukiwa umekaa au umesimama. Usinywe ukapanda kitandani hapohapo.

Na kuna tumbo ambalo halitakiwi kuongezewa mzigo wowote. Hili lilitokea nyumbani kwetu ndo maana siwezi kulipita haraka. Bibi yetu alivunjika nyonga, akawa amelala, anatumia tramadol kwa maumivu. Dawa za kundi hilo, pamoja na kodeini na mofini, zinalaza misuli ya utumbo, kwa hiyo siku ya tano, ya sita, hamna choo. Jirani kwa moyo mzuri kabisa akaleta poda ya faiba, tukampa asubuhi na jioni, na maji hanywi kwa kuwa kunyanyuka kwenda kukojoa ni mateso. Siku ya tisa tumbo limejaa, anatapika. Hospitali wakasema choo kilikuwa kimeshaziba chini, sisi tukawa tunaongeza saruji juu yake. Utumbo uliolala hauhitaji mzigo mkubwa zaidi, unahitaji dawa nyingine ya kulainisha au kusukuma ambayo anaipanga daktari. Alipona, ila alipitia maumivu ambayo hakustahili na sisi ndo tuliompa. Kwa hiyo mgonjwa wa kitandani, anayetumia dawa kali za maumivu, mwenye shida ya kumeza, aliyewahi kupata kiharusi, aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo au aliyewahi kuziba utumbo, poda ya faiba asipewe mpaka daktari aseme.

Dawa nyingine nazo. Jeli haichagui, inaweza kukamata na vidonge vyako ikapunguza kinachoingia kwenye damu. Waliotajwa sana ni wanaotumia levothyroxine ya tezi ya shingo, lithiamu, karbamazepini ya kifafa na digoxin. Njia rahisi ni kutenganisha, dawa kwanza, faiba baada ya saa mbili au zaidi. Mama mjamzito vilevile, vile vidonge vya madini ya chuma vya kliniki ndo vinafunga wengi choo, na isabgol kwa kawaida haina shida kwenye mimba kwa sababu haiingii kwenye damu, ila asinywe pamoja na kidonge chake cha damu na asiguse sanamaki kwa kusikia tu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari zaidi siku za mwanzo, maana faiba inapunguza kasi ya sukari kuingia na anaweza kushuka bila kutegemea. Asome na lebo, kuna poda za machungwa zina sukari ndani. Na wachache sana wana aleji ya psyllium, hasa waliovuta vumbi lake kwa muda mrefu kama manesi wanaochanganya poda kila siku. Ukivimba midomo au pumzi ikabana ni dharura.

Halafu kuna hili la kuiita isabgol "Ozempic ya asili", kwa kuifananisha na ile sindano ya kisukari inayopunguza na uzito. Lilianzia TikTok mwaka 2023 na huku limefika. Semaglutide, dawa iliyomo kwenye Ozempic, inaiga homoni ya shibe inayoitwa GLP-1, na kwenye jaribio kubwa la dozi ya kupunguza uzito watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Isabgol inajaza tumbo kwa saa chache, ukiinywa kabla ya kula unaweza kula kidogo pungufu, kinachopungua ni kilo chache kikipungua. Ni mbali sana. Na anayetumia Ozempic kweli awe mwangalifu zaidi na poda zinazovimba, kwa sababu tumbo lake tayari linachelewa kumwaga chakula.

Lakini mbona kila mtu anasema faiba inazuia magonjwa? Hapa kuna historia nzuri na imeanzia hapahapa kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 akafanya kazi huko karibu miaka 20, muda mrefu akiwa Mulago, Kampala. Ndiye aliyeelezea mwaka 1958 ule uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Yeye na daktari mwenzake Hugh Trowell, aliyekaa Kenya na Uganda miaka mingi, waligundua kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kuanzia bawasiri mpaka saratani ya utumbo mpana, huku kwetu ni nadra. Burkitt akaanza kufanya jambo ambalo wenzake waliona la aibu, kupima choo. Matokeo waliyochapisha mwaka 1972 yalionesha watu wa vijijini Uganda wanatoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kinachukua kama saa 36 kupita, wakati kundi moja la Waingereza lilitoa kama gramu 104 na kuchukua saa 83. Akasema tofauti ni nyuzinyuzi.

Ila soma vizuri, wale wanakijiji hawakuwa wanakunywa poda. Walikuwa wanakula chakula. Watafiti walipojaribu baadaye kuchukua faiba peke yake na kuwapa watu waliowahi kutolewa vinyama vya utumbo mpana ambavyo vinaweza kuwa saratani, majibu yaliyotoka mwaka 2000 yalivunja moyo: pumba za ngano hazikuzuia vinyama kurudi, na kwenye utafiti mwingine wa Ulaya uliotumia ispaghula vilirudi zaidi kwa waliopewa kuliko wasiopewa. Wakati huohuo uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuchapishwa 2019 ulionesha wanaokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi vifo vyao ni vichache na wanaugua moyo, kisukari na saratani hiyo kidogo zaidi, asilimia 15 mpaka 30 pungufu. Kwa hiyo faida ile ya Burkitt ni ya maharage mazima na nafaka nzima na mboga, na kila kingine kilichomo humo. Ukiitoa nyuzi moja ukaiweka kwenye kopo inabaki na kazi zake chache, choo na kolesteroli, ambazo ni kazi za kweli, ila ahadi ya saratani haikuja nayo.

Na Kilimanjaro wametuonesha kitu kama hicho mwaka 2025. Watafiti waliwachukua wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania, wa kijijini wakahamishiwa vyakula vya kizungu wiki mbili, wa mjini wakarudishiwa vyakula vya asili, kundi lingine likapewa mbege, pombe ya ndizi, wiki moja. Wiki mbili tu, na damu za waliohamia chakula cha kizungu zikaonesha dalili za uchochezi, yaani kinga ya mwili kuwaka kama inapigana na ugonjwa, zikipanda, wakati wa chakula cha asili na wa mbege zilishuka. Haipimi faiba peke yake, inapima sahani nzima, na ndo ninachotaka kusema.

WHO inasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula. Kijiko cha chai kilichojaa cha isabgol ni gramu 3 au 4. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni gramu 11 mpaka 15, parachichi moja zima karibu 10, mapera mawili madogo 5 au zaidi, na hapo hujagusa mchicha, kunde, mihogo wala ugali. Ugali wenyewe lakini uwe dona. Tunakoboa mahindi, zile pumba tunapeleka kwa ng'ombe, tunabaki na sembe nyeupe, halafu choo kikigoma tunanunua pumba za ngano kwenye kopo kwa bei ya gunia la mahindi, na hili linanisikitisha kila nikipita mashineni. Tahadhari moja tu, dona iwe ya mahindi yaliyokaushwa vizuri yasiyo na ukungu, sumukuvu inakaa sana kwenye ganda la nje na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Watoto hawahitaji poda. WHO inataka gramu 15 kwa wa miaka 2 mpaka 5 na 21 kwa wa 6 mpaka 9, zinapatikana kwenye papai, embe, maharage na uji wa nafaka ambayo haijakobolewa. Mtoto akifunga choo mpeleke akaangaliwe usimkorogee isabgol, koo lake ni dogo.

La mwisho ni damu. Wengi wanaona damu chooni wanasema ni bawasiri, wananunua poda, choo kinalainika, damu inapungua, wanafurahi. Kweli mara nyingi ni bawasiri na faiba inaisaidia kwa kuzuia kukamua. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo inatoa damu, kwa kuvuja na kukoma, kwa hiyo kupungua kwa damu hakujibu swali. Damu chooni, kukonda bila sababu, upungufu wa damu usioeleweka, choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa hasa ukishavuka miaka 45, tumbo kujaa na kutapika, hayo yanapelekwa kwa daktari kabla ya kopo lolote. Usiogope kwamba utaanzia kwenye kamera, kawaida anaanza kwa kukuuliza maswali, kukupapasa tumbo, kupima kwa kidole chenye glavu na kupima wingi wa damu, dakika chache tu.